Diski Imekufa: Jinsi ya Kumchagua wa Kukurejeshea Data Ukiwa Mombasa

Fundi alifungua skurubu moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa ya soda ili zisipotee. Panka la darini linazunguka, mlango wa duka uko wazi, matatu zinapita nje. Akabandua kifuniko cha diski, akaniinamishia nione. Ndani mna sahani inayong'aa kama kioo cha kujipambia. Niliiona sura yangu mle. "Umeona, dada? Nzima kabisa. Ni kichwa tu kimekwama." Akakisukuma kile kichwa kwa ncha ya bisibisi, na kidole gumba chake kikagusa ukingo wa sahani.

Nilimshukuru, nikamlipa. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba picha za harusi tatu hazikufa siku diski ilipoanguka. Zilifia pale kwenye kaunta, nimesimama nazitazama.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, hasa za kupamba. Kwa asiye wa pwani: kupamba ni usiku wa wanawake. Bi harusi anatolewa mbele ya wanawake wenzake, nywele wazi, hina imepanda mpaka kwenye viwiko, dhahabu imejaa kifuani. Simu huzuiwa mlangoni. Picha zile ni za nyumbani, hazionwi na mwanamume asiye maharimu wake. Kwa hiyo diski ikinifia huwa nina mashaka mawili kwa mpigo: nitazipataje, na nani ataziona njiani. Miaka miwili baada ya ile ya kwanza, diski nyingine ilinifia, na hiyo niliishughulikia nikiwa nimeshafunzwa na hasara. Ninayoyaandika yametoka kwenye zote mbili.

Kabla ya hatua yoyote, lishike hili. Diski inayokufa imebakiza idadi fulani ya kuwashwa, nawe huijui. Huenda ni hamsini, huenda ni moja. Kila anayeichomeka "ajaribu tu" anatumia moja. Bandubandu humaliza gogo. Ndiyo maana mtu huchaguliwa kwanza, diski ikawashwa baadaye.

1. Izime, kisha uiweke mbali na wenye huruma

Diski ikianza kugonga tik-tik-tik, ikikwaruza, ikilia kama saa ya kuamshia, au ikichukua dakika nzima kufungua folda iliyokuwa ikifunguka mara moja, izime uichomoe. Usiiwashe tena ili uhakikishe, umeshahakikisha. Windows ikikuuliza kama ungependa kuifomati, kataa. Kompyuta ikitaka yenyewe kuikagua na kuirekebisha diski wakati wa kuwaka, izime. Ukaguzi ule huisomesha diski kutoka mwanzo hadi mwisho na kuandika juu yake, na mgonjwa wako hastahimili mzigo huo.

Watakuja wa kukushauri. Kaka yangu aliniambia niilaze kwenye friza usiku mmoja. Fikiria kinachotokea ukitoa chupa ya maji baridi barazani mchana wa Februari: inatoka jasho kabla hujaifungua. Diski nayo hutoka jasho, na matone yale yakitua juu ya sahani umejiongezea ugonjwa. Usiigonge mezani pia. Ikiwa imeingia maji, hasa ya bahari, usiianike juani wala kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, maana maji yakikauka chumvi hubaki juu ya sahani. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na unyevu wake vivyo hivyo, uipeleke upesi kwa anayejua kuisafisha.

Kitu kimoja ruhusa: kama ni diski ya nje, haikuanguka, haitoi sauti yoyote, jaribu kebo nyingine na tundu jingine la kompyuta, mara moja. Huenda kilichokufa ni waya wa shilingi mia tatu. Ikikataa, basi.

2. Sikiliza ugonjwa uko upande gani

Huna haja ya kuwa fundi, ila ukijua aina ya ugonjwa hutadanganywa kirahisi. Kuna maradhi ya faili: umefuta, umefomati, au diski inaonekana lakini folda hazifunguki, huku yenyewe ikizunguka kwa utulivu wake wa kawaida. Hayo fundi mzuri wa papa hapa mjini anaweza kuyamaliza bila kufungua skurubu. Kuna maradhi ya bodi: umewasha, kimya, hakuna kinachozunguka, labda na harufu ya kuungua. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, bodi ndiyo inayopokea kofi la kwanza. Hewa yetu ya bahari nayo ina mkono wake: sehemu za chuma chini ya bodi, pale inapogusana na nyaya za vichwa, hupata kutu, mawasiliano yakakatika, na diski ikagonga kana kwamba imevunjika ndani.

Halafu kuna maradhi ya ndani yenyewe, na haya ndiyo mazito. Sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu. Unywele mmoja ni mnene kuliko nafasi hiyo mara maelfu. Sasa lifikirie vumbi la barabarani. Tik-tik mara nyingi ni vichwa vinavyotafuta njia na kuikosa. Mlio wa biip kwenye diski ndogo za nje kwa kawaida ni mota inayotaka kuzunguka huku vichwa vimegandamana na sahani, au mota yenyewe imekamata. Mkwaruzo ni kichwa kinachoparura sahani, na kila sekunde inayopita ni data inayogeuka unga.

Maradhi haya hayana dawa ya programu. Atakayekuambia ataiacha usiku kucha na programu ya kutafuta faili, chukua diski yako uondoke, hata akiwa mtoto wa jirani.

Kama chako ni SSD, diski ya chipu tupu isiyozunguka, mengi ya hapa hayakuhusu, kwa sababu hamna sahani wala kichwa, na faili ulizofuta mwenyewe kwa kawaida husafishwa moja kwa moja na amri iitwayo TRIM. Mambo ya uaminifu, bei na siri ni yale yale.

3. Hesabu kilichopotea hasa

Hatua hii ni fupi lakini iliniokolea harusi moja kati ya zile tatu. Kaa chini na daftari, uandike kilichokuwemo na mahali kingine kinapoweza kuwa. Memori kadi za kamera ndizo za kwanza. Kama hujazipigia kazi nyingine, picha zinaweza kuwa bado zimo hata kama ulizifuta, kwa hiyo ziondoe kwenye kamera uzifungie. Kisha angalia wateja uliokwisha kuwatumia, laptopu ya zamani, akaunti ya Google, na WhatsApp ya mhasibu. Ukimaliza utabaki na orodha ya vitu visivyopatikana kwingine. Orodha hiyo ndiyo utakayompa fundi, na ndiyo itakayokuambia kiasi cha kulipa bila majuto. Kuna diski ambayo ukiihesabu kwa utulivu unakuta ina filamu na nyimbo tu. Hiyo izike.

4. Jua kama uko mbele ya maabara au mbele ya kaunta

Tembea Digo Road na vichochoro vinavyotoka humo usome mabango: kupiga chapa, fotokopi, KRA, picha za pasipoti, kubadilisha kioo cha simu, na mstari wa mwisho kabisa, kurejesha data. Mtu aweza kuwa fundi hodari wa simu, na wa diski akawa si yeye. Wengine ni kaunta tu: wanapokea na kuipeleka mbele, Nairobi au hata nje ya nchi. Hilo halina ubaya likisemwa. Ubaya ni kufichwa, na ubaya zaidi ni yule wa kaunta ambaye kabla ya kuipeleka "huijaribu kidogo".

Kwa hiyo uliza hivi, kwa maneno haya haya: "Diski yangu itafanyiwa kazi kwenye jengo gani, na nani ataishika kabla haijafika huko?" Jibu liwe na mtaa na jina. Ukiambiwa "tuna watu wetu", shukuru, aga.

Tazama pia karatasi. Kibali cha biashara cha kaunti kinatakiwa kiwe ukutani. Jina la kwenye kibali, la kwenye risiti, na lile linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa ukilipa, yafanane au upewe sababu ya kueleweka. Kampuni au jina la biashara unaweza kulitafuta kwenye sajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Risiti iwe ya eTIMS, mfumo wa risiti wa mamlaka ya kodi, yenye namba ya KRA. Mtu atasema hayo ni mambo ya kodi, hayahusu diski. Yanahusu siku utakapotaka kumshtaki. Mahakama ya madai madogo hupokea kesi za hadi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60, lakini lazima ujue unamshtaki nani.

Sifa za mtandaoni zisome, ila soma kazi iliyosifiwa. Nyota tano za kioo cha simu hazikuhusu. Mimi nawaamini zaidi watu ambao data ndiyo kazi yao: wanaosimamia kompyuta za hoteli, wahasibu, wapiga picha wenzangu, wafungaji wa kamera za usalama. Na siwaulizi nani hodari. Nauliza: "Nani alishindwa na kazi yako, akakuambia ameshindwa, akakurudishia diski kama ulivyompa?" Jina likitajwa na watu wawili wasiojuana, nina pa kuanzia.

5. Mhoji, na usikilize anavyokuhoji

Fundi wangu wa kwanza aliniuliza swali moja: "Ni ya GB ngapi?"

Nilipopiga simu maabara iliyoshika diski yangu ya pili, nilihojiwa kama mgonjwa kwa daktari. Ilianguka au ilisimama yenyewe? Inatoa sauti gani, hebu iige. Imewashwa mara ngapi tangu hapo? Kuna aliyeifungua? Kuna nywila? Ni faili za aina gani, na zipi unazitaka kwanza? Nikaanza kuiga ule mlio kwenye simu, biip, biip, biip, mpaka mdogo wangu akacheka. Yule bwana akaniambia: "Usiiwashe tena, dada. Hata kwa ajili yangu." Nilijua hapo hapo kwamba nimefika.

Ya kumuuliza wewe ni haya, na sikiliza zaidi anavyojibu kuliko anachojibu.

Ataanza na nini? Jibu sahihi ni kunakili. Kwanza diski nzima inanakiliwa sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande kidogo, hadi kwenye diski nyingine nzima, halafu kutafuta faili hufanywa kwenye nakala, mgonjwa akiwa ameshapumzishwa. Vifaa vinavyotajwa sana na wenye kazi hii ni PC-3000 na DeepSpar. Vinaweza kuruka sehemu mbovu, kuzima kichwa kimoja na kusoma kwa vingine, na kukatiza diski inapong'ang'ana mahali pamoja. Kwa diski isiyougua sana kuna programu ya bure iitwayo ddrescue, na fundi anayeitumia kwa akili simdharau. Anayechomeka diski yako moja kwa moja kwenye Windows na kuanza kutafuta faili juu yake, huyo simtaki hata kwa bure.

Ikibidi kufunguliwa, itafunguliwa wapi? Kiwango kinachotajwa ni ISO daraja la 5: katika mita moja ya ujazo ya hewa, chembe zenye ukubwa wa nusu mikromita au zaidi zisizidi 3,520. Si lazima kiwe chumba kizima. Meza maalumu yenye kofia inayopuliza hewa iliyochujwa hutosha kwa kazi nyingi. Mwombe picha ya meza yenyewe, au ukaione. Chumba chenye kiyoyozi na zulia safi hakihesabiwi, hata akivaa glavu.

Bodi ikiwa imeungua atafanyaje? Hili ndilo swali langu la mtego. Diski za siku hizi zina chipu ndogo kwenye bodi iliyohifadhi vipimo vya diski ile peke yake. Ukinunua bodi inayofanana na kuifunga tu, kwa kawaida diski haisomi. Chipu ya zamani lazima ihamishwe, au yaliyomo yanakiliwe. Akikujibu "nitabadilisha bodi, nina nyingi", umeshajua kiwango chake. Vivyo hivyo, kama ni diski ya nje, mwambie asitupe bodi wala kasha. Aina nyingi za My Passport za WD husimba data kupitia bodi hata kama hukuweka nywila yoyote, na bila bodi ile utabaki na maandishi yasiyosomeka. Mwenye laptopu ya Windows naye atafute funguo ya BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, kwenye akaunti yake ya Microsoft kabla ya kwenda. Maabara inaweza kukurudishia kila sekta, na bila funguo usiione hata picha moja.

Vipuri vinatoka wapi? Kubadilisha vichwa kunahitaji diski pacha, na pacha si ukubwa sawa tu. Modeli, toleo la programu ya ndani, mara nyingine hata tarehe ya kutengenezwa viangaliwe. Mwenye kazi atakuambia inaweza kuchukua wiki kuipata.

Swali la mwisho linakosa adabu kidogo, lakini uliulize: "Ni diski gani iliyokushinda karibuni?" Fundi wa kweli ana hadithi tatu, na anazisimulia kwa uchungu. Asiyewahi kushindwa bado hajaanza kazi.

6. Bei: kwanza ugonjwa uandikwe

Kwa diski ile ya pili nilitajiwa bei tatu kwa simu, na kati ya waliozitaja hakuna aliyeiona. Bei ya namna hiyo ni ya kukuvuta mlangoni. Utaratibu mzuri ni kwamba diski inachunguzwa, kwa ada ndogo au bure, kisha unaletewa maandishi: ugonjwa ni huu, kazi ni hii, bei hii, muda huu, matumaini kiasi hiki. Hapo ndipo unakubali au unakataa, na ukikataa unarudishiwa diski ikiwa haijafunguliwa. Hilo la mwisho liwe kwenye maandishi. Kuna wanaofungua ndipo wakakutajia bei, na diski iliyokwisha kufunguliwa haina nguvu ya kupatana. Kila maabara utakayoipelekea baadaye itaanzia nyuma.

"Hakuna data, hakuna malipo" ni neno tamu. Uliza linaishia wapi. Je, diski pacha utalipia hata kazi ikishindwa? Ada ya uchunguzi je? Na "data" maana yake nini: zikipatikana faili elfu kumi za mfumo wa Windows na picha yoyote ikakosekana, je, unadaiwa? Ndiyo maana ile orodha ya hatua ya tatu iambatishwe kwenye makubaliano. Kwangu tuliandika: malipo kamili ni kwa folda hizi nne, chini ya hapo tutazungumza.

Arubuni toa, ikiwa ni ya kununulia vipuri. Fedha zote kabla ya kazi usitoe. Na anayekuahidi asilimia mia moja kabla hajaiona sahani, muulize kama yeye ndiye aliyeitengeneza.

7. Siri: nani ataona

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, na nadhani watu wengi hupita haraka hapa kwa sababu wamebabaika na hasara. Diski haina picha tu. Ina nakala za vitambulisho, taarifa za benki, majibu ya hospitali, mazungumzo. Kwangu mimi ina nywele za mabinti wa watu.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu wewe na fundi wako wote wawili. Kama data ni ya wateja wako, wewe ndiye mwenye dhamana nayo, na maabara inafanya kazi kwa niaba yako. Zikivuja, kukiwa na hatari ya kweli kwa wenyewe, maabara inatakiwa kukujulisha ndani ya saa 48, nawe kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Sajili ya waliojiandikisha iko kwenye tovuti ya Ofisi ya Kamishna. Litafute jina la maabara. Usimhukumu fundi mdogo kwa kukosekana humo, kwa sababu kwa kawaida biashara yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya kumi imesamehewa kujiandikisha. Kusamehewa kujiandikisha si kusamehewa sheria.

Taka karatasi ya siri yenye mambo manne: nani hasa atashika diski, nakala itawekwa wapi na kama kompyuta hiyo iko kwenye intaneti, hakuna kitakachopitishwa kwa mtu wa tatu bila idhini yako, na nakala itafutwa siku ngapi baada ya wewe kupokea. Akisema hajawahi kuombwa karatasi kama hiyo, iandike wewe, nusu ukurasa wa Kiswahili unatosha, mtie sahihi wote wawili.

Kisha sema wazi jambo lako. Mimi nilieleza kupamba ni nini. Nilitarajia kuchekwa. Yule bwana akasema inawezekana kukagua faili kwa muundo wake, ukubwa na jina, programu ikapima kama picha ni kamili bila mtu kuifungua, na na kazi ya kuangalia kwa macho nije niifanye mwenyewe. Aliliandika kwenye fomu mbele yangu. Kumbe lililokuwa linanitia aibu kuuliza ni jambo la kila siku kwao: mawakili na madaktari huomba hivyo hivyo.

8. Kukabidhi na kusafirisha

Piga picha lebo ya diski, namba yake ya kipekee ya kiwandani isomeke, na skurubu zote kwa karibu. Skurubu iliyoguswa huacha alama, na picha ya kabla ndiyo shahidi wako. Namba hiyo iandikwe kwenye risiti, na chini yake: isifunguliwe bila idhini ya maandishi.

Kama inasafiri, iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, uizungushie sponji pande zote kiasi cha vidole vitatu au vinne, ndani ya boksi gumu, isichezecheze ukilitikisa. Usiitupe kwenye buti la basi pamoja na magunia ya nazi. Mimi sikumwamini mtu. Nilipanda treni ya SGR pale Miritini nikaipakata mapajani hadi Nairobi, na abiria wa pembeni akadhani nimebeba keki.

9. Kupokea

Hapa watu huharakisha kwa furaha. Orodha ya majina ya faili si faili. Diski mbovu inaweza kukupa jina kamili, ukubwa kamili, na ndani mtupu. Kabla ya kumaliza malipo, fungua mwenyewe. Picha zitazame kwa ukubwa wake wote, si zile ndogo za kwenye folda, kwa kuwa picha ndogo inaweza kupona na kubwa ikawa ya kijivu kuanzia katikati. Video ziendeshe mwanzo, katikati na mwisho. Data ipokee kwenye diski mpya, na siku hiyo hiyo ifanyie nakala nyingine ikae nyumba tofauti. Diski ya zamani irudishiwe kwako hata ikiwa imekufa kabisa, kwa sababu sahani bado zina picha zako. Na hata ikiwa sasa inawaka, usiitumie tena.

Ikiwa wameshindwa, taka sababu kwa maandishi: sahani imekwaruzika, vichwa vimebadilishwa mara ngapi, wamefika sekta kiasi gani. Maandishi hayo ndiyo yatakayomwambia fundi mwingine kama kuna sababu ya kujaribu. Ya kwangu ya kwanza nilimpelekea yule yule bwana baadaye. Aliiangalia sahani kupitia kioo cha meza yake, akaniita nione duara jembamba lililoparurwa likaenda mpaka ndani. Hakunitoza kitu.

Ya pili ilichukua siku kumi na tisa. Walinipa chumba kidogo, skrini imeelekezwa ukutani, mlango ukafungwa nyuma yangu. Nilifungua folda nne kwa zamu. Tatu zilikuwa kamili. Ya nne ilikuwa na picha thelathini na kitu zilizokatika, nusu sura na nusu kijivu, nikaziandika namba zake moja moja, tukapunguziana bei. Wakatia sahihi karatasi ya kufuta, nami nikampigia mamake bi harusi kabla sijatoka kwenye jengo.

"Mwanangu, na hao wa Nairobi waliziona?"

"Waliona majina ya faili tu, mama."

Akanyamaza kidogo. "Basi nitumie ile ya bibi yake, aliposimama kumtunza."

Nikaifungua kwenye laptopu nikiwa nimesimama pale pale ngazini. Ile ilikuwa nzima.